Mama Ngina na Pirates kwa mwenye kilo 100 na zaidi: wapi pa kuanzia mazoezi

Mahali pa kuanzia mazoezi kwa mtu mwenye mwili mkubwa hupimwa kwa mambo manne: ardhi iliyo sawa, viti vya karibu karibu, kivuli na upepo. Kwa vipimo hivyo bustani ya Mama Ngina mjini Mombasa, ile inayofuata bahari kutoka upande wa Feri ya Likoni hadi Lighthouse, inapata alama 8 kati ya 10 kwa wiki nane za mwanzo. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, au Pirates kama unavyojulikana na wengi, unapata 9 kwa mwenye magoti mabovu akiingia majini, na 4 tu akitembea juu ya mchanga.

Mama Ngina ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2019, na sherehe za Mashujaa za mwaka huo zilifanyika hapo. Kwa anayeanza, faida kubwa ya ukarabati ule ni njia ya kutembelea: imetandikwa vizuri, ni pana, na mtu anaweza kutembea polepole bila kusukumwa na bodaboda. Kutembea kando ya barabara za mitaani kuna kasoro ambayo watu hawaioni mpaka kifundo cha mguu kianze kuuma. Barabara huinama kuelekea mtaroni, kwa hiyo mguu mmoja hukanyaga chini zaidi ya mwingine kwa dakika zote za matembezi. Mwenye kilo 60 atalivumilia hilo. Mwenye kilo 120 anaweza kulilipia kwenye goti na nyonga, kwa sababu goti katika kutembea kwa kawaida hubeba mzigo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili, kila hatua.

Hesabu hiyo ndiyo inayoamua kila kitu. Kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti takribani kilo nne kwa kila hatua, na ndiyo maana kupungua kilo tano tu hupunguza maumivu hata kabla nguo hazijalegea. Ndiyo maana pia kukimbia, kuruka kamba na zile video za kurukaruka sebuleni si mwanzo unaofaa. Ziache kwanza.

Kabla ya kwenda, pima. BMI ni kilo zako ugawe kwa kimo chako kwa mita kikizidishwa kwa chenyewe: mwenye kilo 110 na kimo cha mita 1.65 ana 40, na kuanzia 30 kwenda juu ndiko huitwa unene wa kupindukia. Muhimu kuliko namba hiyo ni presha na sukari. Presha ikiwa 180 juu au 110 chini ukiwa umepumzika, usianze hadi daktari aishushe. Mwenye maumivu ya kifua, aliyewahi kuzimia, anayehema akiwa ameketi, au mwenye mguu mmoja uliovimba na kuuma kwenye shavu la mguu, aende hospitali kwanza. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenclamide apime sukari kabla ya kutoka: ikiwa chini ya 5 (mmol/L), ale kitu chenye wanga na asubiri, maana dawa hizo zikikutana na mazoezi sukari hushuka ghafla. Mfukoni abebe glukosi au pipi za sukari, na asidanganyike kwamba atanunua njiani. Mwenye kisukari pia atazame nyayo zake kila arudipo nyumbani. Ganzi ya miguu huficha lengelenge mpaka liwe kidonda.

Wanaomeza atenolol kwa ajili ya presha wasitegemee kuhesabu mapigo ya moyo, kwa kuwa dawa hiyo huyazuia yasipande hata mwili ukiwa umechoka kweli. Kipimo chao, na cha kila mtu, kiwe maneno: ukiweza kupiga soga kwa sentensi nzima lakini huwezi kuimba, kasi yako ni sawasawa. Ukikata sentensi katikati kutafuta pumzi, punguza.

Sasa mpango wenyewe pale Mama Ngina. Anzia penye benchi, si penye geti. Wiki mbili za kwanza tembea dakika 5, keti dakika 3, rudi dakika 5. Siku tatu kwa wiki, ukiacha siku moja katikati. Wengi huona aibu kwamba dakika 10 ni kidogo mno na siku ya pili huzidisha hadi 40. Siku ya nne hawatoki kitandani, na wiki ya pili wameacha. Misuli huzoea upesi, lakini mishipa inayoshikilia viungo na mifupa ya unyayo huzoea taratibu zaidi, kwa hiyo unajisikia mwenye nguvu wakati mguu bado haujawa tayari. Kuanzia wiki ya tatu ongeza dakika 2 kila upande kwa wiki, mpaka ufike 15 kwenda na 15 kurudi. Hapo ndipo uongeze siku ya nne, kisha ya tano. Lengo la Shirika la Afya Duniani ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani. Kuzifikia baada ya miezi mitatu ni mwendo mzuri kabisa.

Benchi lile lina kazi ya pili ambayo watu huikosa. Keti ukingoni, nyayo zikiwa chini ya magoti na zimeachana kwa upana wa nyonga, inamisha kifua mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, kisha simama bila kujisukuma kwa mikono. Shuka kwa kuhesabu hadi tatu, usijiangushe. Mara 5, pumzika dakika mbili, mara 5 tena. Asiyeweza bila mikono ajisukume kwa mapaja. Asiyeweza kabisa aweke mto mgumu chini ili kiti kipande. Magoti yakijikunja kuelekeana ndani, yafungue yafuate kidole cha pili cha mguu. Zoezi hili hujenga mapaja, na mapaja yenye nguvu hulipunguzia goti kazi. Toa pumzi unapopanda. Kuizuia hupandisha presha, na ndiko kunakoleta kizunguzungu.

Kizunguzungu kingine huja baada ya kumaliza, mtu anaposimama ghafla kutazama meli ikiingia Kilindini. Damu imejaa miguuni, na misuli iliyokuwa ikiisukuma juu imeacha kazi. Maliza kwa dakika 3 za mwendo wa pole sana, halafu ndipo uketi uitazame meli kwa raha zako.

Joto ndilo adui wa Mombasa, na hapa ndipo alama mbili zimepotea. Mafuta ya mwili hufanya kazi kama blanketi, na unyevu wa hewa ya pwani huzuia jasho lisikauke. Jasho linalotiririka bila kukauka halipoozi chochote. Upepo wa bahari husaidia, hasa kusi linapovuma. Februari na Machi, joto la mchana likipita nyuzi 30 na kaskazi likilegea, kivuli cha mibuyu hakitoshi kwa safari nzima. Nenda kati ya saa 12 unusu na saa 2 asubuhi, jua likiwa limechomoza na watu wapo. Jioni baada ya saa 11 joto limepungua, ingawa kabro bado inatoa moto wa mchana, na Jumapili jioni familia hujaa hata huwezi kushika mwendo. Kunywa glasi moja ya maji kabla ya kutoka na ubebe nusu lita. Wanaotumia dawa ya presha ya kukojoza wawe waangalifu zaidi, kwani wanapoteza maji kwa njia mbili.

Kuhusu vyakula vinavyouzwa pale, kusemwe ukweli. Mwenye kilo 110 akitembea nusu saa kwa mwendo wa kawaida huchoma takribani kalori 150 hadi 170. Sahani ya viazi karai na ukwaju huzirudisha zote na ziada, na krispi za muhogo zenye chumvi na pilipili ni mtihani kwa mwenye presha. Dafu moja ni sawa, hasa likichukua nafasi ya soda, ila si maji, kwani lina sukari yake na mwenye kisukari alihesabu. Mazoezi pekee hupunguza uzito polepole. Huanza kwa kutuliza sukari na presha, kurudisha usingizi na kulegeza magoti, na anayetazama mizani peke yake atakata tamaa kabla ya kuyaona hayo.

Viatu. Raba za mitumba za Kongowea zinafaa, kwa sharti uzikague. Weka kiatu juu ya meza na ukitazame kwa nyuma: kikiinama upande mmoja, mwenyewe wa kwanza amekwisha kukila na kitakupinda mguu wako. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama gogo, imezeeka hata kama juu kinang'aa. Kikunje: kinapaswa kujikunja penye vidole, kikijikunja katikati hakina uti. Angalia gundi pembeni, kwa sababu raba iliyokaa miaka kwenye marobota huweza kuachia soli upesi. Kwenye ulimi tafuta alama ya 2E au 4E, ambayo maana yake ni kiatu kipana. Jaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na uache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Kandambili na viatu vya wazi visivyo na mkanda wa nyuma havifai: vidole huvishikilia kwa kujikunja kila hatua, na maumivu ya chini ya kisigino asubuhi unapokanyaga sakafu ndiyo matokeo.

Mapaja yanayosuguana ndiyo sababu isiyotajwa ya watu wengi kuacha. Vaa taitsi inayofika karibu na goti ndani ya dera, suruali au buibui, na upake mafuta mazito ya mgando kabla ya kutoka, mapajani, kwapani na chini ya matiti. Ukirudi oga na ukaushe mikunjo ya ngozi kabisa. Unyevu unaobaki huleta fangasi. Wanawake wanahitaji sidiria imara yenye mikanda mipana, la sivyo mgongo na mabega ndiyo yatakayofanya mazoezi.

Pirates sasa. Maji yakifika kiunoni, miguu hubeba karibu nusu ya uzito wako. Yakifika kifuani, karibu theluthi moja. Hakuna mashine inayoweza kumfanyia hivyo mtu wa kilo 130 bure. Tembea sambamba na ufuo, maji kati ya kiuno na kifua, dakika 10 mwanzoni, ukisukuma maji kwa viganja. Ingia maji yakijaa, si yakipwa, kwa kuwa maji yanayotoka huvuta kuelekea kilindini. Saa za kujaa husogea mbele kwa takribani dakika 50 kila siku, hivyo saa iliyokufaa Jumatatu haitakufaa Ijumaa. Wavuvi wa hapo watakwambia bila malipo. Siku za bamvua maji hukimbia mbali na kurudi kwa nguvu, siku za maji mafu ni tulivu zaidi na ndizo za kuanzia. Vaa viatu vya maji au raba kuukuu kwa sababu ya mawe na wale wanyama wenye miiba mirefu myeusi. Usiingie na dera: likiloa huwa zito na hujizungusha miguuni. Asiyejua kuogelea asiende peke yake, na asivuke kina cha kifua.

Mchanga mkavu wa juu tuliupa 4 kwa sababu kisigino huzama na shavu la mguu hufanya kazi maradufu. Ule wa chini, maji yakiwa yamekupwa, ni mgumu na wa kupendeza, lakini ufuo huinama. Ukienda kilomita moja, rudi kwa njia ile ile ili kila mguu upate zamu yake ya upande wa chini.

Mwezi wa Ramadhani, matembezi mafupi ya dakika 10 katika saa ya mwisho kabla ya futari yanawezekana kwa asiye na kisukari. Mwenye dawa za sukari aende baada ya kufuturu, saa moja au mbili baadaye, akiwa na mwenzake.

Popote ulipo, simama na utafute msaada ukihisi kifua kubana, maumivu yanayopanda taya au kushuka mkono wa kushoto, moyo kwenda ovyo, au jasho la baridi. Maumivu ya goti yanayopoa ndani ya siku moja ni ya kawaida. Yakifika siku ya pili, rudi kwenye dakika za wiki iliyopita. Goti likivimba, pumzika mpaka lipoe.

Na safari ya kurudi ihesabiwe. Ngazi ya matatu ni ndefu kwa goti lililochoka, kwa hiyo keti dakika 5 kabla ya kuelekea stejini, panda kwa mguu ulio imara kwanza, na unaposhuka utangulize ule unaouma huku umeshika chuma. Wiki za mwanzo, tuktuk ni bora.