Tovuti ya kampeni ya Obama ya mwaka 2008, kwa macho ya mtu aliyebisha hodi

Kati ya vyombo vyote vya kampeni nilivyowahi kuvitumia, sijaona kilichonisaidia kumfikisha mpiga kura mpya kituoni kama my.barackobama.com, tovuti ambayo sisi tuliojitolea tuliizoea kwa jina la MyBO. Ilifunguliwa Februari 2007, Barack Obama alipotangaza kugombea urais wa Marekani, na miongoni mwa walioijenga alikuwamo Chris Hughes, mmoja wa waanzilishi wa Facebook. Kufikia siku ya uchaguzi, watu zaidi ya milioni mbili walikuwa wamejiunga nayo, na kupitia kwayo yaliandaliwa makusanyiko yapatayo 200,000 ya ana kwa ana.

Niliitumia nikiwa Columbus, Ohio, na sehemu niliyoithamini kuliko zote ni ile iliyoitwa Jirani kwa Jirani. Ulipoifungua ulipata orodha fupi ya watu wanaoishi karibu nawe, maelezo ya kukuongoza katika mazungumzo, na nafasi ya kujaza jibu la kila mmoja, ili aliyekosekana leo atafutwe tena kesho. Kazi ambayo zamani ilimlazimu mtu aende ofisi ya kampeni, asubiri kupangiwa mtaa, tuliweza kuianza jioni baada ya kutoka kazini.

Katika nyumba mojawapo, jina la kwenye orodha lilikuwa la mume, lakini aliyenifungulia mlango alikuwa mkewe, mama mwenye asili ya Mombasa aliyekuwa amekula kiapo cha uraia mwaka uliotangulia na hajajiandikisha kupiga kura. Aliponisikia nikimwamkia kwa Kiswahili alinikaribisha ndani, akaniambia, “Mwanangu, huyu kijana wetu nimemwombea dua tangu aliposhinda Iowa. Kura yangu moja itamwongezea nini?” Nilimweleza kwamba Ohio mwaka huo ilikuwa na siku chache, kuanzia Septemba 30 hadi Oktoba 6, ambapo mtu angeweza kujiandikisha na kupiga kura ya mapema kwa safari moja. Kesho yake nilimpitia kwa gari. Alijiandikisha, akapiga kura, akarudi nyumbani kabla ya adhuhuri.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba hotuba za mgombea peke yake ndizo zilizowatoa watu majumbani. Mama yule alikuwa amekwisha kuvutiwa miezi tisa kabla ya mimi kubisha hodi, na bado hakuwa mpiga kura. Ni kweli kwamba bila mgombea wa aina ile nisingepata mlango wa kubisha: huko Iowa, jimbo lililoanza kuchagua wagombea wa vyama, Januari 3, wapiga kura wa chama chake cha Democratic walifika takriban 239,000, karibu maradufu ya mwaka 2004, na mnamo Novemba takriban saba kati ya kila kumi waliopiga kura kwa mara ya kwanza walimchagua yeye. Hata hivyo, kati ya kumpenda mgombea na kusimama mbele ya karani wa uchaguzi kuna fomu, tarehe ya mwisho na usafiri, na hapo ndipo MyBO ilipofanya kazi yake.

Mfumo wake wa kuwapa wanaojitolea alama haukunigusa. Ulihesabu shughuli bila kupima matunda yake. Naisifu zaidi kwa kuacha nafasi ya kupingana na mgombea mwenyewe. Katikati ya mwaka 2008, Obama alipoelekea kuunga mkono muswada wa upelelezi wa mawasiliano, maelfu ya wafuasi wake waliunda humo humo kundi la kumpinga, likawa kubwa kuliko makundi yote ya tovuti. Hakubadili kura yake katika Seneti, lakini aliwajibu kwa maandishi na kundi halikufutwa.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano naizuia kwa sababu ya kilichofuata: mwaka 2009 mtandao huu uliwekwa chini ya kamati ya taifa ya chama kwa jina la Organizing for America, na katika uchaguzi wa Bunge wa 2010, ambao jina la Obama halikuwa kwenye karatasi ya kura, vijana wengi waliojitokeza miaka miwili nyuma hawakurudi vituoni.