Wanafunzi wa uzamili na dakika zao 3: nendeni mkasikilize

Mimi nalima mwani Paje, na jioni ile ya wanafunzi wa uzamili kutuelezea tafiti zao nimeipenda kwa dhati. Ni mashindano: kila mmoja anapewa dakika 3 na slaidi moja isiyocheza, mtindo ulioanzia Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2008. Muda ukiisha, unashuka.

Aliyenigusa ni binti aliyeeleza kwa nini mwani aina ya kotonii unakufa maji yakipata moto, na aina ya spinosamu unahimili. Slaidi yake ilikuwa picha ya kitawi kimoja tu, akatuonesha pale kinapoanza kuwa cheupe, kikalainika, kikakatika kwenye kamba tunayokifungia baharini. Hayo ndiyo yanayotutia hasara wakati wa kaskazi! Bibi aliyekaa ubavuni kwangu akasema, "Huyu mwanangu kaingia majini hasa."

Wawili watatu walisema na majaji, si na sisi. Kipaza sauti kilikatakata.

Kiingilio bure. Naomba tu wakirudia waweke nafasi ya maswali, maana nilitaka kumuuliza yule binti habari ya kuhamishia kamba maji ya kina kirefu, na waanze mapema: gari za kurudi shamba, huku vijijini, usiku tabu.