Nilivyolipa mara mbili kwa mparachichi mmoja

Sisi wa Rau, hapa Moshi, tunaujua upepo unaotangulia masika. Machi 2021 tawi la mparachichi wetu lilidondoka usiku wa manane juu ya bati la jiko la nje, na kulipokucha baba watoto akatoa hukumu yake ya siku zote: ukatwe. Mti wenyewe aliupanda mama mkwe. Ukizaa vizuri tunagawa maparachichi mpaka majirani wanajificha wakituona na ndoo. Nikagoma. Tukakubaliana upunguzwe tu.

Fundi wa kwanza alikuwa kijana anayepita mtaani na chenso begani. Elfu sitini, nusu akitaka mbele. Hakuuliza chochote zaidi ya "nikate mpaka wapi, mama?" na mimi, kwa ujinga wangu, nikamwonyesha usawa wa bati. Baada ya saa moja na nusu kichwa chote kilikuwa chini, limebaki shina na mikono minne imeelekezwa juu kama mtu anayeomba mvua. Kila kidonda akakipaka oili chafu ya gari, eti usioze. Matawi akaniachia uani, kirikuu ya kuyaondoa nikalipia mwenyewe 25,000.

Siku ile nilifurahi, nisiseme uongo. Mwanga uliingia hadi jikoni na nguo zilianza kukauka kabla ya adhuhuri.

Halafu yakaanza. Gome la parachichi limezoea kivuli cha majani yake, ukiliacha wazi ghafla linaungua na jua. La kwetu likababuka upande wa magharibi, likapasuka kama kisigino cha mtu asiyepaka mafuta. Matunda nayo yakakatika, maana parachichi hutoa maua kwenye ncha za matawi, na ncha zote zilikuwa zimeondoka na kirikuu. Misimu miwili mizima nilinunua parachichi soko la Mbuyuni, mimi mwenye mti! Lakini lililoniudhi zaidi ni machipukizi. Kwenye kila mkono yalitoka kama fagio, membamba na marefu, yakikimbilia juu. Machipukizi ya namna hiyo yanaota juu juu chini ya gome, hayajajishika ndani ya mti kama tawi la asili, kwa hiyo yakinenepa upepo unayang'oa kirahisi. Kufika 2024 mti ulikuwa umerudia urefu ule ule, juu ya bati lile lile, na safari hii ukiwa na matawi dhaifu kuliko lile lililoanguka.

Binamu yangu aliyesoma Chuo cha Misitu Olmotonyi aliucheka mti wangu, kisha akanielekeza kwa mzee mmoja wa Kibosho ambaye vijana wake wanamwita Meku. Huyu ndiye ninayetaka kumsifu.

Siku ya kwanza alikuja bila msumeno. Aliuzunguka mti mara mbili, akainama, akakwangua udongo kwa ncha ya panga, akaniuliza: "Mama, hizi bloku zimewekwa lini?" Tulikuwa tumetandaza bloku za sakafu mpaka zikagusa shina, na mimi nilijivunia usafi. Akaniambia mizizi inayolisha parachichi iko karibu na uso wa ardhi na inataka hewa, na maji yakituama hapo inaoza, mti unaanza kukauka kutokea juu. Bloku za mita moja kuzunguka shina zikaondolewa kabla hata hatujaongea bei.

Kisha akachomoa bisibisi mfukoni, akaigusisha kwenye kidonda kimoja cha 2021, pale penye ukoko mweusi wa oili. Ikazama mpaka kwenye mpini. Niliingiza kidole mwenyewe, ndani mlikuwa unyevu na laini kama mkate uliolowa chai.

Bei ilikuwa 220,000 kwa mparachichi na mringaringa wa getini, pamoja na kubeba taka. Nilimshusha hadi 200,000 kwa sharti kwamba tawi nene la mringaringa anaondoka nalo. Mbao za mringaringa zinatengeneza samani, kwa hiyo nadhani mimi ndiye niliyepigwa, lakini sawa.

Nilimwangalia akikata. Tawi zito alianza kulikata kwa chini, kama shubiri mbili kutoka kwenye shina, akaingia theluthi hivi. Ndipo akakata kwa juu, mbele kidogo ya pale. Tawi likaachia bila kuchuna gome hata la upana wa kidole. Kisiki kilichobaki akakiondoa mwisho, nje tu ya ule mkunjo mnene tawi linapoungana na shina. "Hii ni kola ya shati," akaniambia, "hapa ndipo mti unapojifungia. Ukiikata umeuvunjia mlango." Oili hakupaka. Baadaye nilisoma kwamba Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa Marekani aliyepasua magogo kwa maelfu kutazama ndani, alionyesha jambo hilo hilo: mti haufanyi nyama mpya kama sisi, unazungushia sehemu iliyooza ukuta, na kupaka kidonda rangi hakuzuii kuoza. Meku alichopaka ni chokaa, kwenye mikono iliyoachwa wazi, kwa ajili ya jua. Katika yale mafagio alichagua machipukizi mawili au matatu kwa kila mkono, mengine akayatoa, akasema kazi hii ni ya miaka mitatu, si ya leo.

Kuna tawi lililokaribia waya wa umeme. Alikataa kuligusa, akasema hilo ni la TANESCO. Alinituma pia nimtaarifu mwenyekiti wa mtaa kabla chenso haijalia, ili asije mtu kuuliza kibali kiko wapi.

Sasa lawama. Tuliahidiana saa mbili, akafika saa nne na nusu. Kijana wake alikanyaga tuta langu la mchicha lote. Tawi moja lilivunja mfereji wa maji ya mvua, akasema pole, pole ikaishia hapo. Na yule kijana alisimama chini ya mti bila kofia ngumu huku magogo yakishuka, nikashindwa hata kutazama. Risiti usiulize.

Kwa alama kumi nampa nane. Mwaka 2025 mti ulibeba maparachichi 17, niliyahesabu yakiwa bado juu. Awamu ijayo nimeshamwambia saa moja, ili afike saa tatu, na mchicha nimeuhamishia nyuma ya nyumba.