Nimenunua Land Rover 109 kupitia tangazo la mtandaoni: uzoefu wangu tangu picha ya kwanza hadi leo

Kwa miezi mitano sikulala kabla ya kupitia matangazo ya Land Rover za zamani kwenye simu. Baba alikuwa dereva wa hospitali ya misheni kule Mahenge, na 109, ile ndefu yenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ndiyo gari ambalo mimi na wadogo zangu tulijifunzia kuhesabu gia, tukiwa tumebanana kiti cha mbele kusubiri kivuko cha Kilombero. Nilijua ninachokitaka. Nilichokuwa sikijui ni namna ya kukinunua bila kuibiwa.

Sasa ninayo, inalala uani kwetu Tabata. Lakini kabla ya hii nusura ninunue nyingine ambayo kwenye picha ilikuwa nzuri kuliko hii mara kumi, na nataka kuanza na hiyo.

Ilikuwa Kigamboni. Tangazo lilisema: "Land Rover 109 ya mwaka 1968, injini haijafunguliwa, haidaiwi, bei maongezi." Picha nane, rangi ya kijani iliyokolea, boneti ina matone ya maji kwa sababu ilikuwa imetoka kuoshwa. Yale matone niliyapenda, na kumbe yalitakiwa kunishtua. Gari lililolowa linaficha mengi: maji hujaa kwenye mikwaruzo, rangi iliyopauka inang'aa, na mahali palipopigwa puti, ule udongo wa kuzibia mabonde, panalingana na pengine. Siku hizi muuzaji akinitumia picha za gari bichi namwomba alikaushe anipige nyingine jua likiwa kali.

Mwaka nao ulinisumbua. Kwenye picha ya ndani, mita zilikuwa mbele ya dereva. Land Rover za Series II na IIA, matoleo ya miaka hiyo ya sitini, zina mita katikati ya dashibodi. Zilihamia mbele ya dereva kwenye Series III, ambayo ilianza kutengenezwa 1971. Grili pia ilikuwa ya plastiki, si ile ya waya. Nilipomuuliza muuzaji akajibu, "Dada yangu, kadi ndivyo inavyosema." Basi ama kadi ni ya gari jingine, ama ni magari mawili yaliyounganishwa. Akaongeza kwamba kuna mteja anakuja kesho asubuhi, nitume laki tano ya kishika uchumba aniwekee. Sikutuma. Mtu anayetaka pesa kabla hujaligusa gari lake, mwache huyo mteja wa kesho alichukue.

Nilikwenda lakini, kwa sababu moyo ulikuwa umeshaondoka. Nilimchukua fundi mmoja wa Gerezani, mzee ambaye mikono yake imezeekea kwenye Land Rover. Tulikubaliana laki moja kwa kukagua, nauli juu yangu. Nilipoanza kumsimulia ile rangi ya kijani alinikatisha: "Mwanangu, rangi niachie. Niambie hilo gari limekuwa likilala wapi."

Sikuelewa hadi tulipofika. Nyumba iko karibu kabisa na bahari, na gari lilikuwa limeegeshwa chini ya minazi, upepo wa chumvi unalipiga mchana na usiku.

Hapa lazima nieleze kidogo, maana ndipo watu wengi wanapopotea. Land Rover ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, Uingereza chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita, kwa hiyo bodi ilitengenezwa kwa aluminiamu. Aluminiamu haishiki kutu kama chuma. Unaweza kukuta 109 ya miaka hamsini bodi imenyooka, milango inapendeza, ukaamini gari limetunzwa. Lakini chesisi, fremu ya chini inayobeba gari lote, ni ya chuma, na imeundwa kama boksi refu lenye uwazi ndani. Tope na maji ya chumvi huingia, hukaa humo, na kutu inakula kutoka ndani kuja nje. Ikishaonekana nje, ndani kazi imekwisha. Ukuta unaotenganisha injini na abiria nao ni chuma, na sehemu za kuwekea miguu huoza zikatoboka. Tena chuma kinapogusana na aluminiamu penye chumvi, hata ile aluminiamu inaanza kuliwa, inatoa unga mweupe pembezoni mwa boliti.

Kwa hiyo picha zote nane nilizokuwa nazitazama usiku zilikuwa picha za sehemu ya gari isiyoweza kuniambia chochote.

Mzee alitoa nyundo ndogo, bisibisi, tochi na sumaku. Nikatandika khanga kuukuu mchangani, nikaingia chini pamoja naye. Chesisi yote ilikuwa imepakwa rangi nyeusi kama lami, mbichi, bado inanuka. Akagonga mbele: ngo, ngo, sauti kavu ya chuma kizima. Akarudi nyuma akigonga kidogo kidogo, na usawa wa tairi za nyuma sauti ikabadilika, ikawa bwe, kama unagonga boksi la karatasi lililolowa. Akaweka ncha ya bisibisi hapo akasukuma kwa kiganja tu. Ikaingia yote. Ilipotoka ikatoka na mchanga na vipande vya kutu vyembamba kama maganda ya vitunguu. Boriti ya nyuma, ile inayobeba ndoano ya kuvutia, ilikuwa viraka juu ya viraka, vimechomelewa na watu tofauti kwa miaka tofauti.

Sumaku nayo alinifundisha. Kwenye magari mengi, sumaku isiponasa ujue hapo kuna puti. Kwenye bodi ya Land Rover ni kinyume: aluminiamu hainasi sumaku, kwa hiyo ikinasa kwenye ubavu au kwenye boneti ujue kuna mtu ameziba kwa bati la chuma. Ubavu wa kushoto wa gari lile ulinasa sehemu tatu.

Mwisho alitafuta namba ya chesisi ailinganishe na kadi. Kwenye Series III inagongwa kwenye mkono wa chesisi unaoshika springi ya mbele, upande wa kulia. Pale palikuwa pamesagwa na kuchomelewa kipande kipya. Hakuna namba. Akatoka chini, akafuta mikono, akamwambia mwenye gari, "Ahsante kwa muda wako, kijana." Hakuongeza neno hadi tulipokuwa juu ya pantoni tunarudi. Laki moja ile ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote katika safari hii.

Ya pili sikuitafuta sana. Tangazo lilikuwa na picha tatu zenye ukungu, Land Rover iliyokuwa nyeupe zamani, viti vimechanika, iko Dodoma. Dodoma, bara kavu, mbali na bahari! Nilikumbuka swali la fundi nikapiga simu saa hiyo hiyo. Aliyepokea alikuwa mzee mstaafu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nilimwomba video mbili, na mjukuu wake akazituma baada ya siku mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya chini ya gari, polepole, kutoka boriti ya nyuma hadi mbele, bila kuosha. Niliona vumbi jekundu na kutu ya juu juu tu, ya rangi moja kila mahali, hakuna lami. Ya pili ilikuwa ya kuwasha asubuhi. Nilisisitiza waanze kwa kuweka kiganja juu ya injini kuonyesha ni ya baridi, kwa sababu dizeli iliyopashwa moto mapema hujifanya nzima. Halafu kamera isimame nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa bluu unaoendelea ni oili inaungua, mweupe usiokwisha injini ikishapata moto huenda maji yanaingia kwenye silinda, mweusi ni mafuta yasiyoungua yote. Hii ilitoa moshi kidogo, ukakatika.

Tukapanda SGR mimi na fundi. Injini ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani, dizeli ya sentimita za ujazo 2,286, na namba yake, namba ya chesisi na rangi vililingana na kadi. Wengi wamebadilisha injini wakaweka za Toyota, si vibaya, ila kama kadi haikurekebishwa utahangaika na uhamisho wa umiliki.

Kilichonipa raha ni kulijaribu. Tulilipeleka kwenye korongo lenye mchanga nje ya mji. Kuna kitasa cha njano na kitasa chekundu: cha njano unakibonyeza chini tairi zote nne zivute katika gia kubwa, chekundu unakirudisha nyuma kupata gia nzito, na hapo tairi nne zinaingia zenyewe. Tairi nne zisijaribiwe kwenye lami kavu, kwa sababu gari halina difu ya katikati, ile inayoruhusu tairi za mbele na za nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, na unaumiza vyuma. Mchangani lilipanda ukingo taratibu kama trekta. Fundi alinielekeza niachie mafuta ghafla nikiwa gia ya pili na ya tatu, kuona kama gia itachomoka. Haikuchomoka. Bakuli za chuma nyuma ya tairi za mbele ndizo zilikuwa na kasoro: ya kushoto ina vidoto vya kutu, sili imekatika, oili inavuja.

Mwenye gari aliomba milioni 14, tukamaliza 11 na nusu. Mkataba kwa wakili, nakala ya kitambulisho cha NIDA, pesa tukahamishia ndani ya benki.

Jua la Dodoma linatunza chuma lakini linaua mpira, na hilo hatukulipa uzito. Tulibadilisha mpira wa juu wa rejeta, wa chini tukauona unafaa. Ukapasuka Gairo saa nane mchana. Tulikaa pale hadi magharibi tukisubiri bodaboda atuletee mwingine, na nilikasirika, kwa sababu ni kitu cha bei ndogo ambacho tungekibadilisha kabla ya kuondoka. Ukinunua gari la bara kavu, badilisha kila mpira kabla ya safari.

Miezi minane sasa. Usukani ni mzito, foleni ya Mandela inachosha mabega, na ikivuka kilomita 80 kwa saa kelele zinazidi mazungumzo. Kwa mizunguko ya kila siku mjini sikushauri. Spea za kawaida ninazipata Kariakoo na Gerezani, na hadi leo nimetumia milioni 2 na laki tatu: mipira yote, breki, sili, viti. Bakuli la kushoto bado nasubiri. Na kila mwezi naingia chini na bomba la maji yasiyo ya chumvi kutoa mchanga kwenye chesisi, halafu napulizia oili ndani ya matundu yake, maana sasa inalala Dar na hewa yetu ni ile ile iliyoimaliza ya Kigamboni.

Wiki iliyopita mama alikuja kutoka Morogoro. Alipanda kiti cha mbele, akakaa kimya, akaweka mkono juu ya kitasa chekundu akauliza kama nacho ni kigumu asubuhi kama kile cha baba. Nikamwambia ndiyo, ni kigumu.