Rooh Afza kwenye joto la Maskati: chupa yangu ya kwanza

Nilikwenda kununua maziwa tu. Mwezi wa sita, Ruwi, jua la kupasua kichwa, na kila fundi wa ujenzi aliyekuwa mbele yangu dukani amekumbatia chupa ya maji mekundu iliyoandikwa Rooh Afza. Nikasema na mimi nijaribu. Riali moja na kitu.

Nyumbani nikamimina nusu gilasi, nikaongeza maji kidogo, nikapiga funda. Lo! Kama nimelamba marashi. Kumbe ile ni sharubati nzito iliyopikwa na sukari. Vijiko viwili vinatosha gilasi kubwa ya maji ya barafu. Makosa yangu, sikusoma chupa.

Kilichonirudisha ni harufu. Waridi nililitambua pale pale, ila nyuma yake kulikuwa na kitu ninachokijua na jina limenipotea. Siku ya tatu ndipo likanijia: mkadi! Ua lile lile la vikuba na harusi za kwetu Unguja. Wahindi wanaliita kewra.

Mwenzangu wa kazini, mtu wa Karachi, aliniambia hiki hakikuzaliwa kinywaji, kilizaliwa dawa. Hakim Hafiz Abdul Majeed (hakimu kwao si wa mahakamani, ni tabibu) alifungua duka lake la dawa, Hamdard, mjini Delhi mwaka 1906. Mwaka 1907 akatoa sharubati hii kwa watu walioelemewa na joto la kiangazi. Tiba yake ilikuwa ya Kiyunani, ile iliyotoka kwa Wagiriki ikapita mikononi mwa matabibu wa Kiislamu wa kale, akina Ibn Sina: mwili una moto na baridi, mizani ikiharibika mtu anaugua. Basi akakusanya vya baridi, waridi, nanaa, giligilani, maji ya matunda, hata mchicha na karoti. Nilicheka, maana bibi yangu alikuwa na hesabu hizo hizo, hiki cha moto usile, hiki cha baridi kula, wala Delhi hakufika. Jina nalo halihitaji mkalimani sana: rooh ni roho yetu hii hii, nayo sharubati hii ni ya kuihuisha.

Dawa au si dawa? Nikitoka juani nikanywa gilasi moja, kichwa kinatulia. Ila nusu ya sifa nawapa maji na barafu. Ninavyoipenda zaidi ni kwa maziwa baridi, na mbegu za mrehani zilizorowekwa mpaka zikavimba. Kwa soda sikuipenda hata kidogo. Na sukari ni nyingi, tusidanganyane kwa neno "mitishamba": Mama aliponiagiza nimletee chupa nilimkatalia, yeye ana kisukari. Amenuna mpaka leo.

Jambo moja la kujua kabla hujanunua. India ilipogawanywa mwaka 1947, mtoto mkubwa wa hakimu alibaki Delhi. Mdogo, Hakim Mohammed Said, akahamia Karachi na kuanzisha Hamdard ya huko mwaka 1948. Bangladesh nako wanayo yao. Jina moja, viwanda vya nchi tatu. Yangu ilikuwa ya Pakistani, na mwenzangu anaapa ndiyo yenyewe hasa. Jirani yangu wa Lucknow, India, kasikia, kaguna tu, na jana kaniletea gilasi ya kwao nionje. Naona mkadi umezidi kidogo. Kwa mwenzangu bado sijasema.