Kamati ya maadili ya wanyama chuoni: kwenye kikao wako vizuri, kwenye matangi hawaonekani

Nimepitisha andiko langu kwenye kamati ya maadili ya utafiti wa wanyama ya chuo kimoja hapa Mwanza, jina naliacha, na kwakuwa watu wanauliza sana hii huduma ikoje ngoja niseme. Nyota tatu kati ya tano, na zote tatu ni za kikao.

Utafiti wenyewe ni wa sato, tunawalisha chakula chenye funza badala ya dagaa tuone wanakua vipi, maana dagaa bei haishikiki na wenye vizimba ziwani wanalia. Sasa we fikiria umekulia Kirumba, samaki unamjua kama kitoweo, halafu fomu inakuuliza samaki wako atapata maumivu ya kiwango gani na utayapunguzaje. Nusu ya darasa walicheka. Fomu ni ndefu aisee, ila ukitulia yote imesimama kwenye mambo matatu ambayo Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, waliyaandika 1959: jibu likipatikana bila mnyama usimtumie, kama hakuna jinsi basi tumia wachache, na hao wachache wasiteseke bure.

Kikao ndo penyewe. Nilitegemea wataanza kunisahihisha Kiingereza kama vikao vingine, kumbe kuna daktari wa mifugo mmoja, mzee mpole hivi, yeye swali lake la kwanza, "Mwanangu, umeme ukikatika saa nane usiku hao samaki hewa wanapata wapi?" Hapohapo betri ikaingia kwenye bajeti. Akahamia kwenye kuua. Huku kwetu tumezoea samaki anatolewa majini anatapatapa mpaka anatulia, au anafukiwa kwenye barafu bado mzima, mzee akasema hapana, hiyo ni kumnyonga taratibu, tumieni mafuta ya karafuu. Unayachanganya kwanza na spiriti kidogo kwasababu kwenye maji peke yake yanaelea tu juu, samaki analegea, analala ubavu, mashavu yanaacha kabisa kucheza, halafu unamwacha humohumo dakika 10 nyingine ndo umpasue. Mambo haya supavaiza hajawahi kutuambia, na yeye ni mtu wa samaki miaka yote!

Mtu wa takwimu naye alitusaidia sana. Alisema kwenye jaribio la chakula kinachohesabiwa ni tangi, sio samaki mmojammoja, maana wa tangi moja wanakula pamoja na maji ni yaleyale, kwahiyo kujaza 40 kwenye tangi hakukuongezei ushahidi wowote, bora uongeze matangi. Tukashuka mpaka 20 kwa tangi na hela ya chakula ikapungua.

Swali la mizoga ndo lilivunja watu mbavu, "Mkimaliza samaki wanaenda wapi?", kwasababu kila mtu Mwanza anajua sato huwa anaishia wapi. Jibu wanalotaka ni kuteketezwa kwa moto au kuzikwa, basi.

Sasa kero. Ukishapewa ile barua ya kibali yenye muhuri mmeachana. Barua imeandikwa vizuri kabisa kwamba kamati inaweza kuja kukagua muda wowote, mpaka tunafunga utafiti hakuna aliyetia mguu. Kuna tangi samaki walikufa wengi kwa mpigo, ripoti tukatuma siku hiyohiyo kama walivyoagiza, jibu lililokuja ni kukumbushwa ada ya kuhuisha kibali. Jamani! Yaani yule mzee aliyeuliza habari za umeme angepita hata robo saa angeona betri ipo au ilinunuliwa kwenye karatasi tu. Sisi tulinunua, ila wao watajuaje?

Na sio kwamba naota. Marekani vyuo vinavyochukua hela za utafiti za serikali upande wa afya, kamati yao lazima ipite kukagua mabanda angalau kila miezi sita (ingawa nao sheria yao kubwa ya ustawi wa wanyama ya 1966 samaki haiwahesabu kabisa, tusiwasifie sana). Uingereza kwa sheria ya 1986 mtafiti ana leseni yake, mradi una yake na jengo lina yake, na samaki wamo. Sisi Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008, kwahiyo pa kuanzia papo.

Halafu mjumbe wa jamii, yule anayetakiwa awe mtu wa nje asiye mtafiti, ni mfanyakazi wa ofisi ya uhasibu hapohapo chuoni. Kikao kizima hakuuliza kitu. Wamchukue hata mama mmoja muuza samaki wa pale Mwaloni, maswali yatakosa pa kukaa.

Kwa wanaotaka kupeleka: wanakaa mara moja kwa mwezi, ukikosa tarehe unasubiri mwezi unaofuata hata uwe unamjua nani. Peleka softikopi na hadikopi, lipa kwa namba ya malipo sio mkononi na risiti uitunze, na kwenye kipengele cha mizoga usithubutu kuandika "watatupwa", wanakurudishia fomu nzima.