Klorini ya unga ya asilimia 65 na kifaa cha kupimia cha vidonge: uzoefu wangu Tanga

Natunza bwawa la kuogelea la nyumba ya wageni huku Raskazone, na tangu tuhamie klorini ya unga ya asilimia 65, ile inayouzwa kwenye ndoo, sina hamu tena na madumu ya klorini ya maji. Kwa joto la Tanga ile ya maji hupungua nguvu upesi, na dumu likishakaa stoo hujui limebaki na nguvu kiasi gani. Ya unga inadumu. Ila bila mizani na kifaa cha kupimia maji, usiinunue, maana utakuwa unamwaga hela.

Nasema mizani kwa sababu mabwawa mengi hapa mjini dozi ya shoki, yaani klorini nyingi inayotiwa kwa mkupuo kusafisha maji, hupimwa kwa kikombe. Hesabu yenyewe haina ugumu. Gramu moja ya klorini halisi kwenye mita moja ya ujazo ni miligramu moja kwa lita. Bwawa letu lina urefu wa mita 10, upana mita 5 na kina cha wastani mita 1.5, kwa hiyo ni mita za ujazo 75. Nikitaka kupandisha klorini kwa miligramu 10 kwa lita, nahitaji gramu 750 za klorini halisi. Unga wenyewe ni asilimia 65, basi nagawanya kwa 0.65, napata kama kilo 1.15. Kikombe hakiwezi kukupa hiyo.

Kifaa cha vidonge ndicho kilichonikosha zaidi. Zamani tulitumia vile vikaratasi vya kuchovya, vikishika unyevu wa pwani rangi zinadanganya. Hapa unaponda kidonge cha kwanza kwenye kichupa, maji yanakuwa ya waridi, unalinganisha rangi na kusoma klorini huru, yaani ile ambayo bado haijashikana na uchafu. Unaongeza kidonge cha pili, unasoma klorini yote. Tofauti yake ni klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo, na hiyo ndiyo inayonuka na kuwasha macho. Siku za Pasaka, watu wakijaa, mgeni huja kuniambia, "Kaka, mmezidisha dawa." Napima mbele yake: huru 1.0, yote 1.6. "Hapana dada, dawa imepungua, hii 0.6 ndiyo inayokuwasha." Kuivunja hiyo 0.6 unapandisha klorini mara kumi yake, yaani miligramu 6 kwa lita, na kwa bwawa letu ni karibu gramu 690 za unga. Ukitia nusu ya hapo harufu haiondoki, wala hela hairudi.

Kabla ya shoki napima pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji. Ikiwa 7.5, karibu nusu ya klorini iko katika hali ya kuua vijidudu. Ikifika 8 inabaki kama robo tu. Maji ya kisima chetu yana chokaa nyingi, na unga huu nao unaongeza chokaa na kupandisha pH kidogo, kwa hiyo hapo hakuna kulegea. Asidi ya kushusha pH naitia asubuhi, klorini jioni. Viwili hivi havikutani kwenye ndoo moja hata kwa bahati mbaya, maana hutoa gesi ya sumu. Vidonge vya klorini vya kuelea navyo usivichanganye na unga huu, wala usitumie kijiko kimoja. Vinaweza kulipuka moto.

Jioni ni kwa sababu ya jua. Klorini hii haina kinga, na jua letu linaila mchana kutwa. Likishazama najaza ndoo maji kwanza, ndipo namimina unga kidogo kidogo nikikoroga, nikiwa na glavu na miwani, upepo ukiwa mgongoni. Naacha itulie. Chini hubaki tope jeupe la chokaa. Hilo silimwagi bwawani, huganda kwenye vigae na kuvisugua ni kazi. Maji ya juu nayazungusha ukingoni huku pampu ikifanya kazi, na inaendelea hadi asubuhi.

Asubuhi angalia jambo moja: kichupa kikipiga waridi ghafla kisha kikawa cheupe, usidhani klorini imekwisha. Imezidi hadi inaifuta rangi. Changanya nusu maji ya bwawa na nusu maji ya chupa, pima, zidisha kwa mbili. Siruhusu mtu kuingia mpaka isome 3 au chini yake, hata wageni wa Dar wakiwa wamekaa na mataulo begani.

Lawama yangu moja ni kwa muuza duka aliyeniuzia ndoo isiyo na lebo wala asilimia. Unga ulikuwa umeshaganda mabonge, na mabonge hayapimiki. Siku hizi nafungua kifuniko dukani kabla ya kulipa, na nyumbani ndoo inakaa kwenye kivuli penye hewa, mbali na petroli ya jenereta.